Pamba Anapukutika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na wateja wamekata mguu. Nani atakubali kusukwa leo halafu alowanishe nywele njiani? Mdomo wangu haujazoea kukaa bure, basi nimeamua kuandika.

Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna kioo kikubwa, viti viwili, drai ya kukaushia nywele ambayo mume wangu huahidi kuitengeneza kila wiki (fundi umeme huyo, watu wanamlipa mjini kote, nyumbani kwake swichi zinaning'inia), na sinki. Sinki ni la wifi yangu, dada yake mume wangu. Alipofiwa alihamia kwetu, akaanza kuosha vichwa bila kuombwa. Ana mikono ya taratibu mpaka wateja wanasinzia. Mimi nasuka na kusema, yeye anaosha na kunyamaza. Tumegawana hivyo na tumeelewana.

Halafu kuna Pamba, sungura wetu jike, mweupe, mnene, mvivu. Huyo ndiye mfanyakazi bora kuliko sote. Mtoto akianza kulia na kurusha miguu, nampakatisha Pamba mapajani. Mtoto anatulia tuli mpaka msuko wa mwisho. Hakuna saluni nyingine yenye kitu hicho hapa. Kina mama wanapita saluni mbili tatu kuja kwangu kwa sababu ya Pamba, na mimi naringa kwelikweli.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimekunywa chai mpaka nimechoka.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi aliniita asubuhi. "Wifi, hebu njoo umwone Pamba." Nyuma ya sikio la kushoto pana upara mdogo, ngozi inaonekana.

Nikamwambia anabadili manyoya. Majira yamegeuka, wanyama hupukutisha ya zamani na kuota mapya.

"Si angepukutika mwili mzima? Hapa ni kama pametolewa kipande."

"Wifi, nywele ni kazi yangu. Wewe shughulika na sinki."

Akarudi kwenye sinki. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini kidogo sana.

Jumatano, 12 Machi

Mteja mmoja, na hata huyo alikuja kujikinga mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Upara wa pili, juu ya pua. Leo saluni ilijaa na kila aliyeingia alikuwa daktari.

Mama Duka, jirani yangu mwenye duka la pembeni, akasema Pamba ana mimba, sungura hujinyonyoa manyoya kutandikia kiota. Nikamuuliza, mimba ya nani, ya drai? Akasema zipo hata mimba za uongo, sungura jike anaweza kujidanganya na mwili ukamkubali. Wifi akasema kwa upole kwamba sungura anayetengeneza kiota hujinyonyoa kifuani na tumboni, na tumbo la Pamba limejaa manyoya.

Mwalimu, mteja wangu wa zamani, akasema ni upweke. Sungura akikosa mwenzake na nyasi kavu za kutafuna, anatafuna manyoya yake. Mume wangu akapitisha kichwa mlangoni, akatangaza kwamba ni utitiri, dawa yake ni ile ya kuulia mende. Nilimfukuza na kanga mbichi.

Mimi nina dawa yangu. Kopo la mafuta ya kukuza nywele limeotesha vichwa vilivyokata tamaa, litashindwa na sungura?

Jumatatu, 17 Machi

Limeshindwa. Pamba aliyalamba mafuta yote. Jana kutwa aliharisha na hakugusa jani. Wifi ndiye aliyemfuta, akamlaza kwenye kitambaa kikavu, akawa anamwekea majani mdomoni moja moja. Leo ameanza kula. Wifi hakunisema hata neno. Afadhali angenisema.

Jumamosi, 22 Machi

Bati linavuja juu ya tundu la Pamba, na nyasi anazolalia zimeoza kwa unyevu. Wifi alizitoa zote akafagia. Halafu akaja kusimama mbele yangu mikono imelowa.

"Wifi, huyu tumtoe saluni, tumpeleke kwa daktari wa mifugo. Na watoto wasimshike kwanza."

"Shule zinafunguliwa hivi karibuni. Mtaa mzima utaleta watoto kusukwa. Nikimtoa Pamba, watoto nitawatuliza na nini, na wewe?"

"Kama ni ugonjwa je?"

"Ni manyoya tu."

Nikamchana Pamba mbele yake ili manyoya marefu yafunike ule upara. Wifi aliitazama brashi niliyotumia. Ilikuwa ya saluni, ile ya kuchania watoto. Aliichukua, akaenda kuichemsha. Nilikasirika, nikamwambia asinifanye mchafu ndani ya nyumba yangu. "Nyumba yangu." Nilimwambia hivyo mjane wa watu.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijaandika kwa sababu sijapata nafasi ya kukaa. Shule ni Jumatatu. Tangu Alhamisi watoto wamepanga foleni hadi kwa Mama Duka, na Pamba amepita mapaja yote. Nilimfunga utepe mwekundu sikioni, kina mama wakacheka, wakasema amependeza. Utepe ulikuwa wa kuficha upara. Umekuwa mpana sasa, na pembezoni mwake pana unga mweupe.

Najua nilichofanya. Unafunga utepe ukijua unafunga nini.

Jumatano, 9 Aprili

Mkono wangu wa kushoto, upande wa ndani, pale Pamba anapolala nikimbeba, umeota duara. Pembeni pekundu, katikati peupe, linawasha. Choa. Msusi gani asiyeijua choa? Ikikaa mwilini inaitwa hivyo, ikipanda kichwani kwa mtoto inaitwa mapunye.

Nimepaka dawa na kuvaa gauni la mikono mirefu. Mume wangu ameniuliza kama nasikia baridi. Nimesema ndiyo, si mvua hii.

Alhamisi, 10 Aprili

Mikono mirefu. Pamba nimemhamishia stoo. Nimewaambia watu amechoka na makelele.

Jumatano, 16 Aprili

Sitaki kuandika haya, na nisipoandika sitalala.

Adhuhuri, mvua inamwagika, Mama Pacha aliingia bila hata kukunja mwavuli. Ana wasichana mapacha, wateja wangu tangu nywele zao za kwanza. Nyuma yake walikuwa kina mama wengine watatu. Aliwavua mapacha kofia. Vichwa vya watoto wale! Pale nilipochora njia za msuko wiki mbili nyuma, pana mabaka ya upara, mviringo, yana magamba. Mdogo alijifunika kwa viganja, anaona haya.

"Wameitwa vipara shuleni," alisema Mama Pacha. "Wamerudishwa nyumbani. Na si wao tu, wote waliosukwa hapa. Nani ana mapunye ndani ya saluni hii?"

Wifi aliacha sinki akaja, akainama kuwatazama watoto. "Poleni wanangu," alisema. Mama Pacha alikitazama kitambaa alichojifunga kichwani. Wifi havui kitambaa, kila mtu anajua. Basi yule mwanamke alinyoosha mkono akakivuta.

Wifi ana kovu kisogoni. Alimwagikiwa maji ya moto akiwa mtoto, na nywele hazikuota tena pale. Mimi ndiye ninayemsuka. Nafunga mlango, nateremsha pazia, napitisha misuko ya juu ili ifunike. Tangu nimeolewa namsuka, na mtu mwingine yeyote hajawahi kukigusa kichwa kile.

"Hee! Tazameni! Na huyu ndiye anayewaosha watoto wetu!"

"Ni kovu la moto," wifi alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kila mwenye mapunye ana hadithi yake," alisema Mama Pacha. "Msusi, wewe ndiye fundi, na wewe ndiye unayemsuka. Sema wewe. Ni kovu?"

Wote walinigeukia. Wifi alinigeukia pia, na hakuwa na wasiwasi. Hilo ndilo linalonitafuna. Alinitazama kama mtu aliyeshafika nyumbani. Neno lilikuwa mdomoni, "ndiyo", neno fupi. Lakini ningesema ni kovu, wangeuliza, basi mapunye yametoka wapi? Wangemkumbuka Pamba. Wangeukumbuka na utepe wake. Mkono wangu uliwasha chini ya gauni kana kwamba unaniita.

Nikasema, "Tutaliangalia hilo."

Tutaliangalia! Mimi, mdomo wangu huu ambao haujapata kukosa jibu.

Wifi aliinama, akaokota kitambaa chake, akakikung'uta, akajifunga. Alifanya taratibu. Halafu akavua aproni na kuingia ndani. Kina mama walisema asante msusi, tunajua wewe ni msafi, ni huyo tu, mwondoe. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, nikafagia saluni.

Alhamisi, 17 Aprili

Wifi ameondoka asubuhi, mvua ikinyesha, na begi moja. Amekwenda kwa dada yao mkubwa, fundi cherehani, upande wa pili wa mji. Mume wangu alimshika begi. "Dada, kuna nini? Nani kakukosea?"

"Nimekaa sana. Dada mkubwa anahitaji mtu wa kumsaidia kushona vifungo."

Akaniaga. "Kwaheri wifi. Pamba asikae kwenye unyevu."

Mume wangu akaniuliza mimi. Nikasema wanawake wa mtaa wamemsema vibaya. Ni kweli. Ndiyo ubaya wa uongo wangu, kila kipande chake ni kweli.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeosha vichwa mwenyewe. Mwalimu alisema namvuta. Akauliza wifi yuko wapi, nikasema safari.

Jumanne, 22 Aprili

Mama Duka ananihadithia kwamba sasa wanasema wifi alikuwa na ugonjwa tangu kwa marehemu mumewe. "Lisemwalo lipo," anasema, "kama halipo laja." Nilikuwa nanunua sabuni. Nikachukua sabuni yangu nikatoka, chenji nikaisahau.

Alhamisi, 24 Aprili

Mume wangu hanisemeshi. Ametengeneza drai. Ameitengeneza kwa hasira, inafanya kazi vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Pua ya Pamba imebaki ngozi tupu, na miguu ya mbele imeanza. Nilimtia kwenye kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi anayeuliza maswali huku mikono inafanya kazi.

Kwanza alimpapasa tumbo. Hajinyonyoi kwa kiota, alisema. Akafungua mdomo akatazama meno, kwa sababu sungura mwenye meno marefu hutokwa mate, na kidevu kikilowa kutwa manyoya hung'oka. Meno mazima. Akatazama nyuma, maana mkojo nao huunguza manyoya. Safi. Akauliza kama anaishi na mwenzake anayemtafuna. Hapana. Akamchambua mgongoni na shingoni kutafuta utitiri, ambao huacha mba nyingi zinazotembea. Hakuuona.

Halafu akanyofoa nywele chache pembeni mwa upara, akanionyesha kwenye kiganja.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Msusi."

"Basi hizi unazisoma mwenyewe. Zimetoka na mizizi?"

Hazikutoka na mizizi. Zilikuwa zimekatika juu kidogo ya ngozi, kama vijiti. Nywele inayopukutika kwa kawaida huja na mzizi wake, na iliyokatika hivi ina ugonjwa. Hilo nawafundisha wasichana wanaokuja kujifunza kwangu, siku ya kwanza. Kwa Pamba sikutaka hata kuinama.

Aliziweka kwenye hadubini, akatazama. "Fangasi. Nyumbani kuna mtu mwenye choa?"

"Hapana," nikasema.

Aliutazama mkono mrefu wa gauni langu. Mvua ilikuwa imekatika, chumba kile joto, mimi natokwa jasho. "Kunja mkono huo, mama." Nikakunja. Hakunigombeza. Alichukua kalamu akaanza kuandika dawa, na mimi nikaanza kulia mbele ya sungura.

Pamba atengwe, apakwe dawa kwa majuma kadhaa, matandiko yachomwe, na kila brashi na kitana cha saluni kitupwe au kitiwe dawa ya kuua vijidudu. Watoto waende hospitali, kwa sababu mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu, yanataka vidonge. Nikauliza, kwa hiyo ni yeye aliyewapa? Akasema labda, au labda mtoto mmoja alimpa yeye kwa brashi, naye akawagawia wengine. "Aliyeanza hutamjua. Ila aliyeendeleza anajulikana," alisema, akinirudishia kikapu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimefunga saluni. Nimemwambia mume wangu kuhusu fangasi. Kuhusu lile swali la kovu sijamwambia.

Jumatano, 30 Aprili

Tangu Jumatatu nazunguka nyumba kwa nyumba. Matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Nagonga, nasema: mapunye yametoka saluni kwangu, kwa sungura na kwa brashi zangu. Wifi yangu hana ugonjwa wowote, lile ni kovu la moto. Mpelekeni mtoto hospitali apate vidonge. Sikujua, nisameheni.

Sikujua. Kila mlango nilisema sikujua. Mlango wa kwanza neno lilinitoka lenyewe, milango iliyofuata nililiandaa.

Mwalimu alinishika bega. Mama Duka alilia kabisa: "Mungu anaona moyo wako, jirani. Hukujua." Mama Pacha alinisikiliza bila kunikaribisha ndani. "Na siku ile nilipokuuliza kama ni kovu?"

"Nilichanganyikiwa."

"Haya," alisema. "Mtu huchanganyikiwa."

Nimerudi na sifa. Wanasema nina moyo, si kila mtu angeweza. Sifa hizo nashindwa kuzimeza.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda kwa wifi. Dada yao mkubwa alinifungulia, akanipa kiti, akarudi kwenye cherehani yake. Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka na rundo la mashati, anashona vifungo. Kitambaa kichwani, kimefungwa chini zaidi kuliko zamani.

"Karibu wifi. Pamba anaendeleaje?"

"Anapona. Kuna manyoya yameanza kuota puani."

"Alhamdulillahi."

Nikaanza maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, kuhusu brashi, kuhusu daktari, kuhusu milango. Hakuinua uso.

"Nimesikia. Mama Duka alipita hapa juzi. Anasema umezunguka mtaa mzima kunisafisha. Anasema maskini, hukujua."

Aliweka shati chini.

"Hebu nione mkono. Alisema na wewe umepata."

Nikakunja gauni. Duara limepauka, limebaki alama. Aliligusa pembeni kwa kidole, taratibu, vile anavyogusa vichwa.

"Hili limeanza lini?"

Ningeweza kusema wiki iliyopita. Alikuwa ameniachia nafasi kubwa kabisa ya kusema wiki iliyopita. Cherehani ilikuwa inakwenda, dada mkubwa hasikii. Na huyu mtu alikuwa tayari kuniamini tena, hilo nililiona usoni kwake, na ndilo lililonimaliza.

"Kabla ya siku ile," nikasema. "Lilikuwepo. Nilikuwa nimelifunika. Mama Pacha aliponiuliza, nilikuwa najua ni Pamba."

Aliuachia mkono wangu. Alichukua shati jingine, akatafuta tundu la sindano, akalikosa, akajaribu tena.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, wifi."

"Na hao umewaambia hukujua."

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote. Mlango kwa mlango."

Alishona kifungo kizima. Nilisema nisamehe. Nilisema nitapiga magoti. Akasema nisichafue gauni. Halafu akakata uzi kwa meno.

"Basi rudi."

"Wapi?"

"Kwenye milango hiyo hiyo. Ukawaambie ulijua."

"Wifi, nikisema hivyo hakuna atakayeniletea kichwa tena. Saluni itakufa."

Ndipo aliponitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira.

"Mimi walinivua kitambaa mbele ya watu, na wewe umesimama pale. Wewe watakunyima vichwa tu."

Alinisindikiza mpaka nje, kama mgeni yeyote. Hakusema atarudi, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia mume wangu yote. Aliuliza swali moja tu: "Siku ile ya kitambaa, alikutazama?" Nikasema alinitazama. Akatoka, akaenda kwa dada yake, na mpaka sasa hajarudi.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imepungua, kuna jua dogo. Nimevaa gauni la mikono mifupi na kuanza kwa Mama Pacha.

"Kuna nini tena?" aliuliza. Mapacha walikuwa nyuma yake, vichwa vimenyolewa, wamepakwa dawa.

"Wiki iliyopita nilikuambia sikujua. Nilijua. Siku ile uliponiuliza, nilikuwa najua, na nikakuachia umuumize wifi yangu."

Hakunitukana. Aliwasogeza watoto ndani kwa mikono miwili, akafunga mlango, nikasikia komeo. Nikasimama kidogo pale barazani, halafu nikaenda nyumba ya pili.